Inakoanzia Kaskazi

Ahmedabad, 9 Desemba 2025

Nimefikia kwa Mama, ninayemwita hivyo ingawa si yeye aliyenizaa. Alizaliwa kwetu Kilindoni, chumba cha nyuma ya duka la baba yake, akaondoka na wazazi wake akiwa msichana, baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. Marehemu bibi yangu alikuwa mteja wao wa kaniki na mafuta ya taa. Kiswahili cha Mama kimebaki kile cha Mafia ya siku zile. Akizungumza nawasikia wazee wa kwetu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. "Mwanangu, kula kwanza, maneno yapo tu," ndivyo alivyonipokea, na sahani imejaa: mkate wa uwele, siagi nyeupe, sukari guru, biringanya za kuchoma, achari ya maembe. Amekubali tufuatane safari nzima awe mkalimani wangu, na mpwa wake ataendesha gari.

Nilichokifuata huku anakijua tangu barua zangu za kwanza: wavuvi wa Veraval. Kwetu Mafia papa potwe huonekana karibu na gati la Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, na wageni wanatoka mbali kuja kuogelea karibu naye. Huku Gujarat, mpaka mwaka 2001, samaki huyohuyo alikuwa akichinjwa kwa mamia. Leo wavuvi wa pwani hiyohiyo wanakata nyavu zao wenyewe ili atoke mzima. Nataka kujua kilichotokea hapo katikati, na nataka kukisikia kwao, si kwenye kitabu.

Ila Mama amesema siwezi kwenda moja kwa moja ufukweni kama mtu aliyetumwa kununua kitoweo. "Nchi hii uione kwanza. Hao wavuvi hawakuota peke yao." Basi tutazunguka.

Alasiri tumekwenda kwenye Msikiti wa Sidi Sayyid. Barabara inauzunguka, bajaji hazikomi kupiga honi, na msikiti wenyewe ni mdogo. Ulijengwa 1572 hadi 1573, Wamughali wakiwa wameshafika mlangoni. Usultani wa Gujarat ulianguka wakati huohuo. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda vyeo vikubwa kwenye dola za Kiislamu za upande huu. Ukutani nyuma kuna madirisha ya jiwe lililotobolewa. Mawili yamechongwa mti: shina, mtende ubavuni, na matawi yanayopindana mpaka jicho linashindwa kujua tawi lipi ni la wapi. Jiwe la manjano limekonda hivyo, nalo limesimama zaidi ya miaka 450. Enzi ya Waingereza msikiti huu uligeuzwa ofisi. Nimesimama uani mpaka jua likapita katikati ya matawi. Nimefundisha historia ya Waafrika waliovushwa bahari hii kwa miaka kadhaa, na kitabu tunachotumia kinawataja kama mizigo. Hiki hapa ni kitu alichojenga mmoja wao kwa fedha zake na jina lake.

Khambhat, 10 Desemba

Bandari isiyo na bahari. Tope la mito limejaza ghuba, meli zimehamia kwingine, na mji umebaki na majumba ya mbao za kuchonga na kazi moja ya kale: ushanga wa akiki.

Jiwe linatoka Ratanpur, karibu na Bharuch. Linaanikwa juani, kisha linaokwa ndani ya vyungu, na chuma kilichomo ndani ya jiwe kinageuka rangi mpaka linakuwa jekundu. Fundi anaketi chini, mbele yake chuma chenye ncha kimepigwa ardhini. Anaegemeza jiwe kwenye ncha na kuligonga kwa nyundo ya pembe ya nyati. Kisha linatobolewa kwa keke. Keke hasa, yenye upinde na kamba, kama ya mafundi seremala wa zamani wa kwetu, ila ncha yake ni ya almasi. Shanga za akiki zimefukuliwa kwenye magofu ya pwani yetu, Kilwa ikiwemo.

Vumbi lake linaua. Ugonjwa wa mapafu wa wasagaji wa akiki wa mji huu umeandikwa na madaktari kwa miaka mingi. Kijana aliyekuwa akinionyesha alifunga leso puani nilipouliza, kisha akaifungua ili ajibu. Nimenunua shanga chache, na bei aliyoitaja imeniuma kwa udogo wake.

Kharaghoda, 12 Desemba

Sijawahi kuona nchi iliyo wazi namna hii. Hii ni Rann Ndogo: wakati wa masika ya huku, Juni hadi Septemba, ni ziwa la maji ya mvua na ya bahari, maji yakikauka linabaki tope lililopasuka, halina mti, halina jiwe, hadi mwisho wa macho. Wakati wa jua kali upeo wa macho unaelea.

Hapa wanaishi punda mwitu wa India, na hapa ndipo penyewe hasa. Tumewakuta kundi moja kwenye ukingo wenye majani. Rangi yao ni ya udongo mwekundu mgongoni na nyeupe tumboni, na mstari mweusi wa manyoya umepita katikati ya mgongo. Gari lilipokaribia waligeuka wote kwa pamoja wakaondoka mbio, na kundi zima likayeyuka ndani ya mangati. Miaka ya 1960 maradhi yaliwafyeka wakabaki mia chache tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 eneo likawa hifadhi, takriban kilomita za mraba 4,950, na hesabu ya mwaka 2020 iliwakuta 6,082. Mama, ambaye ameishi saa chache tu kutoka hapa kwa zaidi ya miaka 50, hakuwahi kuja kuwaona. Alikaa kimya garini kwa muda, halafu akasema, "Kumbe."

Jioni tumekwenda kwa Waagariya, wapika chumvi. "Wapika" ni mazoea tu ya kusema, maana anayepika ni jua. Kwetu Kilwa na Bagamoyo chumvi inatokana na maji ya bahari yanayoingizwa mashambani. Huku bahari iko mbali. Wanachimba visima na kuvuta maji yaliyo chini ya tope, maji ya chumvi kali kuliko ya bahari. Familia nzima inahamia jangwani mvua zikiisha, karibu na Oktoba, na kurudi kijijini joto la Mei au Juni likiwashinda. Kibanda ni cha magunia na fito. Maji ya kunywa yanaletwa na boza. Baba na mama wanaingia shambani pekupeku au na viatu vya mpira, wanaburuta reki ya mbao juu ya sakafu ya chumvi, kutwa, ili punje zikue kubwa. Miguu inakakamaa. Nimesimuliwa, na wengi huku wanalisimulia hilo, kwamba mpika chumvi akifa na kuchomwa kwa mila ya Kihindu, nyayo zake zinakataa kuungua, zinazikwa kando na chumvi kidogo.

Zamani faida yote iliishia kwenye dizeli ya pampu. Sasa paneli za umeme wa jua zimesimama kila kambi, na mwenye kambi tuliyofikia alituonyesha yake kabla hata ya kutuonyesha chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi ya India inatoka jimbo hili. Ardhi, hata hivyo, si yao. Haijawahi kupimwa ikawa yao; sasa ni hifadhi ya punda, na kila msimu mpya unakuja na hofu ya kuambiwa wasiingie. Nimeuliza kama punda wanawasumbua. Mama mwenye kambi amecheka: punda wanakuja usiku kulamba chumvi na kutafuta maji, na watoto wanawapa majina. Wameishi pamoja muda wote huo ambao punda wameongezeka. Hilo ningependa liandikwe kwenye kila ripoti kabla ya mtu kuandika neno "wavamizi".

13 Desemba, asubuhi

Baridi kali usiku, sikuitarajia. Nimeona shule. Basi kuukuu la abiria, limeondolewa barabarani, limeburutwa mpaka katikati ya jangwa na kupakwa rangi; ndani viti vimetolewa, kuna ubao na mikeka. Watoto wa darasa la kwanza hadi la tano pamoja, mwalimu mmoja. Tumezungumza kiwalimu, yaani kuhusu chaki, utoro na wazazi. Tatizo lake ni lilelile la visiwa vyetu vidogo: msimu ukigeuka, wanafunzi wanaondoka na wazazi. Suluhisho lake ni kwamba shule inaondoka nao. Nimemwomba aniandikie jinsi anavyopanga mitaala ya madarasa tofauti kwenye chumba kimoja. Ameniandikia, kurasa mbili, kwa mkono.

Mandvi, 15 Desemba

Njiani tumesimama Ajrakhpur, karibu na Bhuj. Kijiji hiki hakikuwepo kabla ya tetemeko la 26 Januari 2001. Wachapaji wa vitambaa vya ajrakh waliishi Dhamadka. Ardhi ilipotikisika maji yao yakabadilika, yakazidi chuma, na rangi zikaharibika. Rangi zao zinaishi au kufa kwa maji. Wakahama, wakajenga upya hapa. Kitambaa kinafuliwa, kinapigwa muhuri wa mbao, kinatiwa nili, kinafuliwa tena, hatua juu ya hatua kwa wiki nzima na zaidi. Mikono ya fundi ni ya buluu mpaka kwenye viwiko. Kaniki aliyokuwa akijifunga bibi yangu ililetwa na majahazi kutoka pwani hii hii. Mama amenikumbusha jinsi baba yake alivyokuwa akiipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na wanawake wakimgombeza kwamba mkono wake mfupi.

Na sasa Mandvi. Hapa nimekaa mchana kutwa na ningekaa wiki.

Mto Rukmavati unaingia baharini, na kwenye kingo zake zote mbili majahazi yanajengwa, makubwa kuliko chochote nilichokiona Mafia au hata Unguja. Kazi hii imeendelea hapa kwa karne nne. Unatembea chini ya mkuku kama mtu anayepita chini ya ghorofa. Mataruma ni ya mbao za migunga ya huku, zimechaguliwa zikiwa na pindo lake tayari. Mbao za ubavuni zinatoka Malaysia. Mafundi wa kalafati wanaketi kwenye jukwaa la fito na kusukuma nyuzi za pamba kwenye nafasi za mbao, tok tok tok, mlio uleule wa kwetu Chole. Nimewaambia hivyo. Mmoja akanipa nyundo na kunisogezea nafasi nikae.

Jahazi moja linakula miaka miwili, pengine zaidi. Likimalizika linavutwa kwenda Dubai kutiwa mashine, kisha linaanza kazi: mchele, nguo, vitunguu, kati ya Gujarat, Ghuba na Somalia. Nahodha mstaafu, mzee wa jamii ya Wakharwa, amenitajia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kama mtu anayetaja mitaa ya mji wake. Alikwenda mara ya mwisho kijana, na tanga bado lilikuwa likitumika pamoja na injini. Wakati wa baba yake walikuwa wakitoka Mandvi kaskazi ikianza kuvuma, Desemba kama sasa, na kurudi upepo ukigeuka kuwa kusi. Waliuza vigae, nguo, samli. Walirudi na boriti za mikoko, karafuu, pembe. Mji wa Mundra, jirani tu na hapa, ndiko alikotoka Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ya karne ya 19. Waafrika waliosafirishwa kwa lazima nao walipita njia hii hii, kwa upepo wa kusi. Mzee hakulikwepa hilo nilipouliza. Alisema mababu zake walibeba kila kitu kilicholipiwa nauli, na kwamba Wasidi wa Mandvi, watu wenye asili ya Afrika, walikuwa mabaharia pamoja nao, baadaye.

Mafundi vijana ni wachache. Maagizo yanapungua, chuma na faiba vinashinda mbao. Sitaki kuandika kwamba kazi hii inakufa. Nimeona majahazi mapya kwa macho yangu leo na mbao bado zinatoa utomvu. Ila nimemwomba mpwa wa Mama anipigie picha za kila kiungo, ubavu kwa ubavu, na fundi mkuu akakubali kuvitaja majina yake kimoja kimoja.

Jambur, 18 Desemba

Alhamisi. Barabara ndefu kutoka Mandvi, tumelala njiani.

Jambur ni kijiji cha Wasidi, pembezoni mwa msitu wa Gir. Nimejiandaa siku nyingi kwa hili na bado sikuwa tayari. Watoto waliokimbilia gari walikuwa na nyuso za watoto wa darasa langu. Wanazungumza Kigujarati, wanavaa sari, wanakula dali na chapati, na hawamjui mtu yeyote ng'ambo ya bahari. Watafiti wa vinasaba wameonyesha kwamba asili ya wengi wao ni Afrika ya Wabantu. Wengine waliletwa kama watumwa, wengine wakaja kama mabaharia na askari; kila ukoo una simulizi lake.

Kuna kaburi la walii wao, Nagarchi Pir, na Alhamisi watu hukusanyika hapo, Waislamu na Wahindu. Ngoma zilianza baada ya magharibi. Wanaziita goma. Ngoma kubwa inasimama kwa miguu yake, ndogo zinapigwa zikiwa begani, na kuna kayamba la kifuu cha nazi. Kuna pia malunga, upinde wa waya wenye kibuyu. Ndugu zangu wa Mtwara na Msumbiji wangeutambua mara moja. Wachezaji wanajifunga manyoya ya tausi kiunoni na kauri shingoni. Mmoja anarusha nazi juu na kuipokea kwa utosi, nazi inapasuka. Kwenye hoteli za karibu mchezo huu unauzwa kwa watalii kila jioni. Hapa kaburini haukuwa mchezo. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga ngoma kubwa alifumba macho tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama mmoja alinishika mkono, akaweka mkono wake kando ya wangu, ngozi kwa ngozi, akasema jambo. Mama wa Kilindoni akatafsiri huku sauti ikimkatika: "Anauliza, kwenu mnakozikwa wazee, kuna miti?" Nikamwambia kuna miembe na mibuyu. Akataka kujua mibuyu ikoje. Nikamchorea kwenye daftari hili. Ukurasa ule amechukua yeye.

Nimeuliza habari za Hirbai Lobi, Msidi wa kijiji hiki aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 2023. Alikua yatima kwa bibi yake, akajifunza kilimo kwa kusikiliza redio, kisha akawakusanya wanawake wenzake wakatengeneza mbolea ya mboji na kuiuza, akaanzisha shule za chekechea. Wanawake wa Jambur wanamzungumzia kama shangazi. Kwenye somo langu la Waafrika ng'ambo ya bahari, mwakani nitaanza na yeye na dirisha la Ahmedabad, kabla ya minyororo. Minyororo itakuja, lazima ije, lakini haitakuja kwanza.

Sasan Gir, 20 Desemba

Nchi yangu ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote, lakini Mafia hatuna, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona simba. Nimemwona India.

Msitu wa Gir ni mkavu, mitiki mitupu iliyopukutisha majani mapana, rangi yote ni ya simba. Alfajiri tuliingia kwa gari la wazi na mwongozaji, kijana wa Kisidi. Swala wa madoadoa walikuwa wamesimama wote wakitazama upande mmoja. Kisha jike alitoka kwenye majani na watoto wawili nyuma yake, akavuka barabara bila kututazama. Ngozi ya tumbo lake inaning'inia mkunjo mrefu. Hiyo ndiyo alama ya simba wa Asia. Dume, tuliyemkuta baadaye amelala, ana manyoya haba ya shingo, masikio yote yanaonekana.

Zamani walienea toka Uturuki hadi mashariki ya India. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwa India, walibaki hapa tu, kwenye msitu wa Nawab wa Junagadh, wachache kiasi kwamba akazuia kuwawinda. Hesabu ya Mei 2025 ni 891. Zaidi ya nusu wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi: mashambani, kwenye miembe, mpaka ufukweni.

Kilichonishika zaidi si simba. Saa moja baada ya yule jike kupita, kundi la nyati wa maziwa, weusi, pembe zimepinda chini, lilipita njia ileile, na nyuma yao mzee mwenye fimbo na blanketi. Ni Mmaldhari, mfugaji. Wamaldhari wanaishi ndani ya msitu kwenye vijiji viitwavyo nes: nyumba za udongo ndani ya boma la miiba. Simba anachukua nyati mara kwa mara. Serikali inalipa fidia. Nimemuuliza mzee kama analipwa inavyostahili. Akasema fidia haifikii bei ya nyati mzuri, na inachelewa. Nikamuuliza, basi kwa nini hamtaki simba waondoke? Akamjibu Mama kwa ukali kidogo, kana kwamba nimeuliza jambo la utovu wa adabu: simba ni wa Gir, na yeye ni wa Gir, na nyati anayeliwa ndiyo kodi ya kukaa hapo.

Miaka ya 1970 mamia ya familia za wafugaji hawa walihamishwa ili simba wapate nafasi. Wengi hawakuyaweza maisha ya kilimo walikopelekwa. Naona hilo lilikuwa dhuluma, na sibadilishi neno. Hao ndio waliokuwa wakikaa na simba wakati dunia nzima imeshindwa.

Na liko jambo jingine linaloniumiza kichwa. Mwaka 2018 ugonjwa wa distempa, unaotokana na mbwa, uliua simba zaidi ya 20 katika muda mfupi. Mahakama ya Juu ya India ilikwisha kuamuru mwaka 2013 kwamba baadhi yao wapelekwe Kuno, jimbo la Madhya Pradesh, wasiwe wote sehemu moja. Gujarat haikuwatoa. Kuno leo ina duma walioletwa kutoka Afrika tangu mwaka 2022. Mwongozaji wetu anajivunia kwamba simba hawajaondoka. Namwelewa kwa moyo wote na sikubaliani naye. Ugonjwa mmoja wa mbwa wa kijijini unatosha.

Veraval, 23 Desemba

Somnath jana, kwa Mama zaidi kuliko kwangu. Hekalu limebomolewa na kujengwa mara nyingi. La sasa lilifunguliwa mwaka 1951. Ukutani mwa bahari kuna nguzo yenye mshale, inayoeleza kwamba kuanzia hapo kwenda kusini hakuna nchi kavu mpaka Antaktika. Mama aliomba. Mimi nilitazama bahari ile kwa upande wake huu.

Leo ndiyo kazi. Bandari ya Veraval ni kubwa: boti za nyavu zimebanana ubavu kwa ubavu mpaka unaweza kuivuka kwa kurukaruka. Bendera, barafu, harufu ya samaki wa kuanikwa.

Mzee aliyetupokea alimvua papa potwe tangu ujana. Hapo kwanza ni kwa ajili ya ini. Mafuta yake yalipakwa vyombo visioze, sawa kabisa na sifa, mafuta ya papa ya kwetu. Miaka ya 1990 ikaja bei ya nyama kutoka nje, ndipo uchinjaji ukawa biashara. Mbinu yao: ndoana kubwa ya chuma, kamba, na mapipa matupu yaliyofungwa ili samaki achoke kuzama. Papa potwe hapigani. Alilisema hilo mara mbili.

Mwaka 2000 mtengeneza filamu Mike Pandey aliuonyesha ulimwengu uchinjaji huo, na mwaka uliofuata serikali ya India ikampa samaki huyu ulinzi wa juu kabisa wa sheria. "Sheria tuliisikia," mzee akasema. "Tukaanza kuchinja usiku."

Kilichobadilisha kilikuja mwaka 2004. Shirika la Wildlife Trust of India na wenzake walimwendea Morari Bapu, mhubiri anayeheshimiwa sana Gujarat. Naye akawaambia wavuvi hadharani kwamba samaki huyu anayekuja pwani yao ni vhali, binti mpendwa. Amerudi kwao kujifungua. Huku msichana aliyeolewa hurudi kwa wazazi wake kwa uzazi wa kwanza. Kwetu pia, mimi mwenyewe nilizalia kwa mama yangu na kukaa arobaini yangu pale. Watu wa shirika wakapita vijiji vya pwani na mchezo wa kuigiza na papa potwe wa kujazwa upepo, ukubwa wake kamili. Watoto walimpanda, wazee wakampima kwa hatua.

Nikamuuliza: yapi yaliwashika, maneno ya Bapu au fidia ya nyavu?

Akawaza. "Maneno yalifanya tuone haya. Mtu akiona haya halafu wavu wake ukapotea na watoto wasile, haya inaisha." Fidia ya serikali ndiyo iliyofanya waweze kuendelea kuona haya, nimeyaandika alivyoyasema Mama, neno kwa neno. Zamani ilibidi wamngoje ofisa aje kushuhudia, na samaki anachoka wavuni. Kisha wavuvi wakapewa kamera. Wanapiga picha wenyewe, wanakata, wanaleta picha bandarini, madai yanaandikwa. Tangu hapo mamia ya papa potwe wametoka wazima pwani hii.

Mwanawe, nahodha, alituonyesha video kwenye simu. Maji ya kijani, mgongo wa madoa meupe umeshikwa na wavu, kisu kinapita, kamba zinaachia moja moja. Vijana wa boti wanaimba jina la mungu wao. Samaki anabaki pale ubavuni mwa boti muda mrefu baada ya kuwa huru.

Usiku

Siwezi kulala, nimekaa na Mama barazani kwa wenyeji wetu tukiandaa maswali nitakayoyapeleka kwa BMU ya Kilindoni, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, nikirudi. Kwetu papa potwe hachinjwi, lakini hunasa kwenye mitando ya dagaa na kwenye jarife, na mvuvi huachwa peke yake na hasara yake.

La kwanza: mtando ukikatwa kumwokoa samaki, nani anamlipa mwenye mtando, na ndani ya siku ngapi? Wageni wanalipa ada ya kumtazama. Sehemu gani ya ada hiyo inaweza kuwekwa kando kwa nyavu tu?

La pili: ushahidi uwe picha ya simu ya mvuvi mwenyewe, asingoje mtu wa ofisini.

La tatu: nani kwetu ana ulimi ambao wavuvi wote wanausikiliza? Nimewaza masheikh, nimewaza manahodha wawili wakongwe, nimewaza kungwi mmoja ambaye amewacheza wanawake wa nusu ya mji.

Mama amesoma orodha kwa sauti, kisha amechukua kalamu na kuongeza la nne kwa mwandiko wake: waulizwe kwanza wanawake wanaonunua dagaa na kuwaanika, kwa sababu mara nyingi fedha iliyonunua ule mtando ni mkopo wao.